Mnadi Aliyesema Amepona

Mnadi wa soko letu la samaki, pale Kilindoni, alikuwa hali samaki. Wageni walidhani ni mzaha. Asubuhi nzima husimama juu ya kreti la soda lililopinduliwa, changu na tasi na kolekole wamejaa miguuni pake, anawasifu mpaka mate yanakutoka, kisha mchana anaingia kwa mama ntilie na kuagiza maharage. Ukimuuliza atakwambia, "Nimeshatazamana nao sana. Huwezi kumla mtu mliyetazamana."

Bahari nayo hakuipenda. Kipande kile cha maji cha kwenda Chole, ambacho watoto wa shule wanakivuka wakiimba, yeye kilimtapisha. Kwenye msiba wa Chole aliwahi kufika amejifunika kanga ya mkewe usoni ili asiyaone maji, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka.

Mimi nakaanga samaki na kuuza. Ua wangu na wake ulitenganishwa na makuti tu, kwa hiyo nilimjua kwa pande mbili, sokoni na nyumbani, nao walikuwa watu wawili mbalimbali. Wa sokoni alikuwa na sauti inayosikika mpaka kituo cha bajaji. Wa nyumbani alinong'ona. Bi Riziki, mkewe, alikuwa akisema kwamba mume wake huacha ulimi juu ya kreti na kurudi na masikio tu.

Wanunuzi wote aliwapa majina ya samaki. Mimi nilikuwa Kibua, kwa kuwa nilipoanza biashara nilinunua vibua peke yake, na hata nilipopata uwezo wa kununua nguru jina halikubadilika. Mpemba mmoja mnene alikuwa Chewa. Ofisa wa uvuvi alikuwa Taa, kwa sababu alipita kimya kimya na mwiba wake mkiani. Daktari wa wilaya, baada ya kumpima mara ya kwanza kwa kile kidole ambacho wanaume wanakiogopa kuliko radi, alipewa jina la Pweza. Daktari mwenyewe alilisikia akacheka.

Alikuwa mkali pia. Asiseme mtu kwamba alikuwa mpole kwa sababu amekufa. Nilimwona akimtukana kijana wa watu matusi ya nguoni kwa kumsukuma bibi mmoja aliyekuja kutafuta dagaa. Yule kijana akaomba radhi, na Mnadi akaendelea kumtukana. Kesho yake aliamka akaenda kwao kumwomba radhi yeye. Hakuwa mtu wa kupima kitu. Hasira yake ilimwagika yote, na huruma yake vivyo hivyo.

Ugonjwa ulimkuta palepale juu ya kreti. Kwa muda mrefu alikuwa anashuka katikati ya mnada na kukimbilia chooni, anarudi amekunja uso. Tulimtania. Siku moja alikwenda hakurudi, wakamkuta ameegemea ukuta, tumbo limejaa kama ngoma na tone halitoki. Bajaji ikampeleka hospitali ya wilaya, wakamtia mpira wa mkojo. Kutoka hapo akapelekwa Dar es Salaam, akakatwa kipande kidogo cha nyama, kikapimwa. Saratani ya tezi dume, na ilikuwa imekwisha kugusa mifupa.

Walianza kumchoma sindano, moja kila baada ya miezi kadhaa, chini ya ngozi ya tumbo. Hakuna aliyetegemea yaliyofuata. Maumivu ya kiuno yalikwisha. Mpira ukatolewa. Kipimo cha damu, kilichokuwa juu sana, kikashuka mpaka chini kabisa. Mnadi akanenepa kidogo, akarudi sokoni na shati jipya, akapanda kreti lake kabla hata samaki hawajashushwa.

"Wanaume!" akaita. "Leo nanadi kitu kisichokuwa na bei, kwa hiyo njooni karibu. Tezi dume! Mnaamka mara ngapi kwenda chooni, mnasema ni chai? Si chai! Nendeni mkapimwe. Mnaogopa kidole? Kidole cha Pweza kinaingia na kutoka. Mchanga wa kaburi ukiingia hautoki. Nitazameni mimi. Nilikuwa na mpira mguuni kama mbuzi wa kuchinjwa, leo ninao? Sina. Nimepona!"

Wanawake tulipiga vigelegele. Wanaume walicheka, wakatazama pembeni. Lakini walikwenda. Walikwenda mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anapeleka mtoto mwenye homa. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba wengi waliingia wakisema, "Nimetumwa na Mnadi."

Mmoja wao alikuwa Shomari, mkulima wa Kiegeani aliyekuwa akituletea nazi na ndizi sokoni. Mtu mzito wa maneno, mpana wa mabega, mjane mwenye binti mmoja. Akakutwa na ugonjwa uleule. Aliposikia neno saratani alirudi shambani akajifungia. Mnadi alipanda bodaboda mpaka Kiegeani, akakaa mlangoni kwake, akamwambia hataondoka mpaka watoke wote wawili. Safari ya kwanza ya Shomari kwenda Dar, Mnadi alimsindikiza. Alitapika tangu meli ilipong'oa nanga mpaka Nyamisati, bandari ya bara, na Shomari, mgonjwa, ndiye aliyemshikia kichwa.

Hayo ndiyo watu wanayoyakumbuka. Mengine aliyajua Bi Riziki, na kidogo mimi.

Sindano ile hukata homoni ya kiume, na homoni ikikatika mwili unabadilika. Joto lilimpanda ghafla, jasho likamtiririka katikati ya mnada, akashika gazeti kujipepea. Sisi wanawake tuliitambua hali ile. Chewa akamwuliza mbele ya watu, "Mnadi, umefunga uzazi nini?" Soko likaangua kicheko na yeye akacheka kuliko wote. Jioni ile nilimwona kupitia makuti ameketi kwenye kibao cha mbuzi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, ijapokuwa palikuwa na joto. Kifua kilikuwa kimeanza kuota kama cha msichana. Hakuvua tena shati mbele ya mtu.

Na chumbani hakuwa mume tena. Daktari alikuwa amemweleza kwamba itakuwa hivyo. Yeye, mwenye mdomo wa kutangazia soko zima habari ya kidole, hakuweza kumwambia mke wake neno hilo moja. Alihamishia mkeka wake ukumbini, akasema chumbani kuna joto.

Bi Riziki alikuja kwangu siku moja, akashika ungo wa mchele wangu akaanza kupeta bila kuombwa. Kisha akasema, "Kibua, mume wangu amenikimbia akiwa ndani ya nyumba."

"Amekukimbiaje?"

"Hanitazami. Nimechuja, mwenzangu. Anangoja tu nife aoe."

Tulifuatana naye mpaka kwa muuguzi wa kliniki, mama mtu mzima, akamweleza yote taratibu, kazi ya sindano na gharama yake mwilini. Bi Riziki alipofika nyumbani aliuchukua mkeka ukumbini, akaukunja, akaurudisha chumbani. Nilimsikia akisema, maana makuti hayazuii sauti: "Mimi ningekuwa mgonjwa ungenilaza nje?" Nilisikia mtu mzima analia, na haikuwa sauti ya mwanamke.

Miaka minne alikaa hivyo, salama, akiita samaki. Katika miaka hiyo aliozesha binti zake wawili. Kisha nyonga ikaanza kuuma.

Alisema ni kusimama sana. Akatafuta kiti. Mnadi akanadi akiwa amekaa, kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Sindano hakuwahi kuiruka, hilo nalishuhudia, lakini kipimo cha damu kilipanda, na kilichofuata kikapanda zaidi. Wilayani wakaandika aende Dar. Bi Riziki aliogopa hospitali kubwa, akaniomba nifuatane nao.

Daktari alikuwa binti wa umri wa mwanangu, mpole, hana haraka. Alimwita baba. Aligeuza kioo cha kompyuta tukaona picha ya mifupa ya Mnadi, na madoa meusi kwenye nyonga na uti wa mgongo.

"Baba, ugonjwa huu chakula chake ni homoni ya kiume. Sindano ilikuwa inaunyima chakula, ndiyo maana ulilala. Sasa umejifunza kuishi na kidogo sana, hata kujipikia wenyewe. Umeamka."

"Kwa hiyo sindano ilikuwa ya bure?"

"Hapana. Imefanya kazi yake miaka yote hii, na hatutaiacha. Ila peke yake haitoshi tena. Kuna vidonge, na kuna dripu. Kwa hali yako naona tuanze na dripu, kila baada ya wiki tatu."

"Itaniponya?"

Yule binti hakutazama pembeni. "Haitauondoa, baba. Itaurudisha nyuma kwa muda, na maumivu yatapungua. Hata ile ya kwanza haikuuondoa. Iliulaza."

Mnadi aliinuka. Nilidhani anawaza kufa. Tulipotoka nje, kwenye benchi la korido, akatugeukia mimi na mkewe. "Haya yasifike sokoni."

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Watu wanakupenda. Watakuombea."

"Wangapi wameingia hospitali kwa mdomo wangu, Kibua? Niliwaambia nimepona. Wakisikia umerudi watasema sindano ni maji. Wataacha." Akamshika mkewe mkono, pale mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nachoma dripu. Lakini nachoma kimya."

Basi tukawa watu watatu wenye siri. Kila wiki ya tatu alisema anakwenda kumwona binti yake Mbagala. Nywele zilipoanza kunyonyoka alinyoa kipara akasema ni joto. Kucha zikawa nyeusi, akasema ni wino wa pweza, na watu wakaamini, kwani walizoea kumwamini. Ladha ya chakula ilimpotea, hata maharage yake. Alinichekesha mara moja tu wakati ule. Alisema, "Dripu hii wanaisingizia. Meli inanitapisha zaidi."

Na ikasaidia. Lazima niseme hivyo. Nyonga ikatulia, akasimama tena kwa miezi kadhaa.

Siku moja tulikuwa kwenye chumba cha dripu, kule Dar, Mnadi amekaa kwenye kiti cha kulalia, sindano iko mkononi, chupa inaning'inia juu. Mlango ulikuwa wazi. Shomari akapita koridoni na karatasi yake ya kliniki, akapitiliza, akarudi hatua nyuma.

"Mnadi? Shikamoo."

"Marahaba, Shomari."

"Umemleta nani?"

Mnadi akatazama chini. "Nimejileta."

Shomari alitazama chupa, akafuata ule mpira kwa macho mpaka mkononi, akaona kucha. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na nilimwona akilifikia jibu.

"Si uliniambia umepona?"

"Nilipona."

"Aliyepona anakaa kiti hicho?"

"Shomari, kaa hapa nikueleze."

"Uliniambia umepona. Ulikaa mlangoni kwangu siku nzima ukiniambia. Mimi nimekubali kufanywa hivi," akajigusa kifuani, kwa aibu, kwa haraka, "kwa sababu wewe ulipona."

Akageuka. Mnadi akainuka kumfuata, mpira ukamvuta, stendi ikayumba, muuguzi akapiga kelele. Akarudishwa kitini akiita, "Shomari! Shomari wee!" kwa ile sauti yake ya sokoni, wagonjwa wote wakageuza vichwa. Shomari aliondoka bila kuchoma sindano iliyomleta.

Habari ilifika Kilindoni kabla yetu. Haikuwa lazima mtu aitangaze. Asubuhi iliyofuata Mnadi alipanda kreti, nami nilijua amedhamiria kusema. Watu walisogea, wakimngoja. "Jamani," akaanza. Akatazama chini, akaokota kolekole kwa mkia, akaanza kumnadi. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anashindwa kutoa neno mahali pale. Kuna waliomhurumia. Kuna waliosema nyuma ya matenga kwamba wazungu wametufanyia majaribio na Mnadi amekula nao. Shomari hakuleta tena ndizi. Nilisikia anakunywa mizizi kwa mganga mmoja wa upande wa Ras Mkumbi.

Miguu ilimwisha msimu wa upepo wa kusi. Aliamka asubuhi akamwambia mkewe kwamba godoro limejaa sisimizi. Hapakuwa na sisimizi. Kufikia mchana hakuweza kusimama. Daktari wa wilaya alipomgonga mgongo na kumchoma nyayo kwa pini, alisema uvimbe unabana uti wa mgongo, afike Dar leoleo, kila saa inahesabika. Bahari ilikuwa imechafuka, meli haikutoka. Wala ndege hakupata. Alilala wodini amekodoa macho kwenye dari, na upepo ule uliokuwa ukimzuia aliusikia ukipiga mabati. Alipofika Dar walimpa mionzi. Mionzi ilipunguza maumivu. Miguu haikurudi. Mpira wa mkojo ukarudi, na safari hii ulikuwa wa kudumu.

Alirudishwa nyumbani na chupa ya dawa ya maji ya maumivu. Bi Riziki akajifunza kuipima kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Mimi nilikuja kila siku kumsaidia kumgeuza. Alikuwa mwepesi, na hili liliniuma kuliko yote, maana alikuwa mtu wa kujaza mlango.

Siku aliyonikumbusha kwamba bado ni yeye ilikuwa Jumatano, mchana. Tulikuwa tumekwisha kumgeuza. Akauliza, kwa sauti yake ya nyumbani, "Shomari anachoma?"

Bi Riziki akanikonyeza ninyamaze. Sikuweza. "Ameacha, Mnadi. Tangu siku ile."

Akafumba macho. Nikadhani amelala. "Mwite," akasema.

Nilikwenda Kiegeani mwenyewe. Nilimkuta Shomari anafua nazi, na alikuwa amekonda, anakwenda kwa kuchechemea. Nilimwambia tu kwamba Mnadi anamwita na hawezi tena kutembea. Alichomeka ardhini zaidi kile kijiti chake chenye ncha cha kufulia nazi, akapiga nazi mbili tatu, kisha akatafuta viatu.

Hakutoa shikamoo alipoingia. Alisimama karibu na mlango. Mnadi akamwambia mkewe, "Nifunue."

"Baba watoto..."

"Nifunue, Bi Riziki. Aone."

Akavuta shuka. Miguu ilikuwa kama si yake, imelala tu, myembamba, na mpira unapita pajani kwenda kwenye mfuko. Kifua kilikuwa wazi, na kile alichokificha miaka yote kilionekana. Shomari alitazama akageuza uso.

"Tazama," Mnadi akasema. "Huku ndiko nilikofika. Sindano haikunileta huku, ugonjwa ndio ulionileta. Sindano ilinipa miaka minne. Nilikuwa nasimama, nakojoa mwenyewe, nikaozesha wanangu. Dripu ikaniongeza karibu mwaka. Mimi nikaita kupona. Haikuwa kupona, Shomari. Ilikuwa miaka minne. Ningekwambia miaka minne tokea mwanzo, ungetoka ndani siku ile?"

Shomari alitazama mfuko wa mkojo. "Sijui," akasema.

"Nami niliogopa hiyo 'sijui' yako. Ndiyo maana nikasema vile. Nisamehe."

Maumivu yakampanda, uso ukamkunjamana. Bi Riziki akavuta dawa kwenye bomba, ikamwagika. Shomari akasogea. Akaweka mkono mmoja chini ya shingo ya Mnadi, akamwinua kidogo, akamshikia kichwa mpaka akameza. Kisha akachukua shuka akamfunika, miguu kwanza, halafu kifua, akalichomeka kando vizuri kama mtu anayefunga mzigo.

"Inauma, hiyo dripu?" akauliza, macho yako kwenye shuka.

"Inachosha. Kucha zinakuwa nyeusi. Chakula kinakuwa udongo."

"Kisha unafika huku."

"Huenda. Kila mtu na mwendo wake. Huenda wewe ukakaa zaidi yangu, huenda usikae. Sitakuahidi tena kitu."

Shomari aliitikia kwa kichwa. Hakusema atakwenda, hakusema hatakwenda. Akamuaga Bi Riziki, akanipita mlangoni.

Tulimzika Mnadi wiki iliyofuata, baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa na wanawake uani, na maneno yakaja yamepita kwa wanaume: Shomari hayupo. Aliyesindikizwa mpaka Dar, aliyekaliwa mlangoni, hata kutia mchanga hakuja. Chewa, akipita uani kutoka makaburini, alitema mate, akasema binadamu hana shukrani. Bi Riziki akainua kichwa, macho yamevimba, akasema kwa utulivu, "Mwacheni. Yuko kwenye meli, anakwenda Dar. Alipita hapa alfajiri akaniomba karatasi yenye jina la yule daktari binti, na nikampa."